Civilization VI kwa mpenda miji: maoni kutoka Mwanga, Kigoma

Niseme mapema, mimi si mtu wa vita. Wapo wanaocheza Civilization VI ili wamfute jirani kwenye ramani kabla hajapata bunduki, na gemu linawaruhusu. Mimi mchana nachora ramani za nyumba kwenye stesheneri hapa Mwanga, na usiku nikiliwasha nataka mji ambao nikiuvuta karibu kwenye skrini nitasema, hapa palipangwa. Anayetafuta maoni kuhusu mizinga na makombora atayapata kwa wengine.

Gemu ni la Firaxis, lilitoka Oktoba 2016, na linachezwa kwa zamu. Unaamua, unabonyeza, wenzako nao wanacheza, inarudi kwako. Hakuna kukimbizana, kwa hiyo hata mteja akiingia kutaka fotokopi unamhudumia na kurudi ukakuta kila kitu kama ulivyokiacha. Ramani imekatwa vigae vya pembe sita. Katika toleo la tano mji mzima ulikaa kwenye kigae kimoja, maktaba na soko na kiwanda vyote vimerundikana humo. Hapa kila shughuli inachukua kigae chake: mtaa wa elimu, mtaa wa biashara, bandari, viwanda, sehemu ya ibada, uwanja wa sanaa. Hata maajabu ya dunia yanataka ardhi, na kila ajabu lina masharti. Piramidi zinataka jangwa. Maktaba Kuu haijengwi mpaka iwe kando ya mtaa wa elimu wenye maktaba tayari. Great Zimbabwe inataka ng'ombe upande mmoja na mtaa wa biashara wenye soko upande mwingine. Ukikosa ng'ombe, basi, sahau.

Utamu wote uko kwenye ujirani. Mtaa wa elimu unapata alama ya ziada kwa kila mlima unaoupakana. Mtaa wa biashara unapenda mto, na unapenda vilevile kukaa ubavuni mwa bandari. Bandari nayo inafurahia kugusana na kitovu cha mji. Ukiweza kuvipanga vitatu hivyo, kitovu, bandari na biashara, kila kimoja kikigusa viwili vingine, hazina inatulia mapema na macho nayo yanatulia, kwa sababu mpangilio unaolipa ndio huohuo unaopendeza. Hilo ndilo lililoniteka. Uzuri wa mji haukuja kama pambo la mwisho.

Na huwezi kujenga vyote. Mtaa wa kwanza unauweka tangu mkazi wa kwanza, wa pili mpaka wawe wanne, wa tatu saba, wa nne kumi. Mji hautumii kigae kilicho zaidi ya hatua tatu kutoka katikati. Mtaa ukishasimama hauhamishwi wala haubomolewi. Kwa hiyo kabla ya kujenga chochote mimi natandika pini kwenye ramani, kila pini na alama ya mtaa utakaokuja, hata kama utakuja baada ya miaka elfu mbili ya gemu. Wateja wangu wa mchana wangejua raha hii! Wengi wanakuja kutaka ramani wakati msingi umeshachimbwa na mawe yako chini.

Kuna mzee alikuwa anasubiri barua yake ichapishwe, skrini iko wazi.

"Huu mji wa wapi, mwanangu?"

"Wa kwenye gemu tu, baba. Naupanga mwenyewe."

Akavaa miwani, akatazama kitongoji nilichokiweka juu kwenye vilima, mbali na mto. "Na hawa wa huku juu, maji wanachota wapi?"

Mzee hajawahi kugusa gemu maishani, na swali lake ndilo la kwanza ambalo gemu lenyewe huuliza. Mji uliokaa kando ya mto au ziwa unaanza na nafasi ya makazi ya watu watano. Kando ya bahari ni watatu. Pakavu ni wawili tu, na idadi ikikaribia hapo kasi ya watu kuongezeka inashuka sana hata chakula kiwe tele. Dawa yake ni mfereji wa maji, ambao lazima uguse kitovu cha mji upande mmoja na mto, ziwa, chemchemi ya jangwani au mlima upande wa pili. Hapo mji mkavu unapanda mpaka sita. Nilikuwa nimeshautia pini. Nikamwonyesha, akaridhika, akalipia barua yake.

Sasa malalamiko yangu ya mtu wa Kigoma. Ziwa la gemu hili ni dogo, vigae vichache tu. Maji yakizidi kidogo linayahesabu kuwa bahari, yaani chumvi, na mji wako unapewa makazi matatu badala ya matano. Kwa hesabu hiyo Ziwa Tanganyika, lenye kina cha mita 1,470 na maji tunayopikia kila siku, lingekuwa bahari, na watu wa Kibirizi, hapa ufukweni Kigoma, wangekosa maji ya kunywa huku wameyakanyaga. Tena ukinunua nyongeza ya Gathering Storm, bahari inapanda watu wakichoma makaa ya mawe na mafuta kwa wingi, na vigae vya pwani vilivyo chini vinamezwa. Ziwa, katika yote niliyocheza, halijawahi kupanda hata shubiri. Anayekumbuka Ziwa Tanganyika lilivyopanda na kumeza ufuko wetu mwaka 2020 na 2021 atacheka.

Hata hivyo nyongeza hiyo, ya Februari 2019, ndiyo ninayokushauri uinunue ukiwa na hela ya moja tu. Inaleta mafuriko ya mito, na mafuriko yanabomoa lakini yanaacha udongo wenye rutuba, kwa hiyo kila mto unakuwa biashara ya kupima: nijenge bwawa sasa, au niache maji yafanye kazi yake zamu kadhaa? Inabeba pia karibu mifumo yote ya Rise and Fall, nyongeza iliyoitangulia, isipokuwa mataifa yake.

Taifa ninalochagua kucheza nalo ni Kongo ya mfalme Mvemba a Nzinga. Hawajengi sehemu za ibada, sawa, lakini wana Mbanza, mtaa wa makazi unaojengwa ndani ya msitu tu. Unatoa makazi matano, chakula na dhahabu juu yake, unapatikana mapema kuliko mitaa ya makazi ya wengine, na hauhesabiwi kwenye ule ukomo wa mitaa. Matokeo yake ni mji unaotambaa msituni, na wengine wote wakiwa wamekwama kwenye watu kumi, wewe unapita ishirini. Kwa starehe za watu hao wote, mtafute Zanzibar kwenye ramani. Ni mji huru, usio chini ya taifa lolote. Ukiwa mlezi wake unaletewa karafuu na mdalasini, bidhaa ambazo hazipatikani kwa njia nyingine yoyote katika gemu.

Kwa macho, sina la kulalamika. Ajabu likikamilika unaonyeshwa filamu fupi ya ujenzi wake, jukwaa za mafundi zikipanda na kushuka huku mchana na usiku vikipishana. Sehemu ambazo hujazifika zimechorwa kama ramani ya kale kwenye karatasi iliyofifia. Ukiweka saa iwe usiku, madirisha yanawaka taa. Kinachokosekana ni watu. Unaujenga mji miaka yote hiyo, humwoni hata mama mmoja na beseni lake la dagaa.

Kasoro nyingine: kompyuta inayocheza dhidi yako ni mpangaji mbovu. Ukiteka au ukikabidhiwa mji wake unakuta mtaa wa elimu uko tambarare na mlima umeachwa hatua mbili pembeni, na huwezi kuuhamisha. Mwisho wa mchezo nao unachosha, kila zamu ina kusubiri, hasa kwenye ramani kubwa. Laptopu yangu ya mtumba ina RAM ya GB 8 na haina kadi ya michoro. Inalimudu, lakini feni inalia. Kuna mwonekano bapa wa ramani ambao ni mwepesi zaidi, ila ukiutumia huo uzuri wote niliousifu unaondoka. Kiswahili hakimo.

Usilinunue kwa bei kamili, kwenye Steam, duka la gemu la mtandaoni, hushushwa sana mara kwa mara. Jiandae na bando la kutosha kwa GB zaidi ya 20. Upakuaji ukikatika unaendelea ulipoishia, na ukishamaliza unaweza kucheza bila mtandao. Kwa umeme wetu, ingia kwenye mipangilio uliambie lijihifadhi kila zamu. Toleo la saba lilitoka Februari 2025, ila laptopu hii hailiwezi, kwa hiyo silisemei.

Kama unataka kuanza kama mimi: Kongo, ugumu wa Prince, ambao haumpendelei mtu yeyote, ramani yenye misitu, majanga kwenye kiwango cha pili. Kwenye mipangilio ya juu zima washenzi, yaani wavamizi wasio na taifa, zima na ushindi wa kuteka miji mikuu ya wengine. Kisha, kabla ya kuweka mji wa kwanza, tafuta mto uko wapi na mlima uko wapi, hata kama itakugharimu zamu mbili za kutembeza walowezi.