Hilux 2.5 D-4D ya gia za mkono: inavyoondoka ikiwa imesimama

Toyota Hilux ya kizazi cha saba, ile wengi wanayoiita Vigo, yenye injini ya dizeli ya 2KD-FTV ya cc 2,494, ni gari la kazi. Ndani hakuna cha kusifia: viti vigumu, plastiki ngumu, basi. Hapa tunaangalia jambo moja tu, namna inavyoondoka ikiwa imesimama kabisa, maana hapo ndipo madereva wengi wanailaumu bure na hapo hapo ndipo klachi zake zinapofia.

Toleo linalozungumziwa ni la kilowati 75, yaani kama nguvu farasi 102. Torki yake, yaani nguvu ya injini ya kuzungusha, ni Nm 260, na inapatikana kati ya mizunguko 1,600 na 2,400 kwa dakika. Chini ya 1,600 tabo, ile inayosukuma hewa ndani ya injini, bado imelala na gari linajikongoja. Juu ya 2,400 torki inaanza kupungua, ingawa nguvu inaendelea kupanda hadi 3,600. Aliyezoea gari dogo la petroli hupiga resi hadi 3,500 ndipo aachie klachi. Kwenye injini hii huo ni moshi na kelele tu.

Inavyotakiwa ni hivi. Klachi chini hadi mwisho, namba moja, mafuta hadi mshale wa resi usimame kati ya 1,800 na 2,000. Achia klachi upesi hadi pale inapoanza kushika. Utapajua kwa mlio wa injini unaozama kidogo na pua ya gari inayonyanyuka. Hapo mguu wa kushoto utulie, kama sekunde moja, huku wa kulia unaongeza mafuta ili mshale usianguke chini ya 1,600. Magurudumu yakishaanza kuzunguka sawasawa, toa mguu wote kwenye klachi, kanyaga mafuta yote. Siri yote iko kwenye hiyo sekunde moja. Ukiipunguza, gari linaruka au linazima. Ukiirefusha unaanza kuchoma pleti ya klachi.

Namba moja ya Hilux ni fupi mno, na ukiingiza namba mbili mshale unashuka karibu nusu. Anayebadilisha kwenye 2,500 anaangukia kwenye 1,350 hivi, tabo inalala tena, halafu anasema gari halichanganyi. Badilisha kwenye 3,300 au 3,400 na utapokelewa na 1,800, palepale penye torki. Kutoka mbili kwenda tatu pengo ni dogo, 3,000 inatosha.

Kigoma mjini kipimo chake ni mlima wa Lumumba, ukitokea stesheni kupanda Mwanga. Ukisimama hapo nyuma ya bajaji, vuta hendibreki. Pandisha resi hadi 1,800, tafuta balansi, yaani pale klachi inapoanza kushika, na hendibreki ishuke pale tu unapohisi gari linataka kwenda. Wanaoshikilia gari mlimani kwa klachi peke yake wanaisugua pleti muda wote wanaosubiri. Wanaoliacha lirudi nyuma kwanza ndio wabaya zaidi, kwa sababu klachi inalazimika kulisimamisha kabla ya kulisukuma. Tabora ni tambarare, lakini iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na hewa ni nyepesi kuliko kando ya Ziwa Tanganyika. Tabo inafidia sehemu kubwa ya upungufu huo, ila inachelewa kidogo kuamka. Huko anzia 2,000, usianzie 1,800.

Kasoro kubwa ya gari hili iko nyuma. Likiwa tupu, bodi ni jepesi na springi zake za bapa ni ngumu, na kwenye 2H, yaani gari likivutwa na magurudumu mawili, nguvu yote inakwenda kwenye magurudumu hayo ya nyuma. Ukiachia klachi kwa kishindo kwenye lami, ekseli inadundadunda, na kila mdundo unapigwa kwenye krosi za propela, ile shafti inayopeleka nguvu nyuma, na kwenye difu, gia zinazoigawa kwa magurudumu. Kwenye changarawe tairi zinazunguka bure. Dawa yake ni kushusha resi hadi 1,500 na kuachia taratibu, au kuweka 4H, yaani magurudumu yote manne yavute. Hiyo 4H ni ya changarawe, mchanga na tope tu. Hilux hii haina difu ya katikati, kwa hiyo kwenye lami kavu magurudumu ya mbele na ya nyuma yanakinzana kila unapokata kona. Likibeba magunia ya mahindi au madumu ya mawese linatulia kabisa, lakini klachi inafanya kazi zaidi. Usirudie kuondoka kwa nguvu mara mbili tatu mfululizo bila kuipumzisha.

Klachi iliyoungua inanuka kwanza, baadaye inateleza. Fundi akishusha giaboksi, muombe akuonyeshe uso wa flaiwili, gurudumu zito la injini linalobanwa na pleti: madoa ya rangi ya bluu na nyufa nyembamba kama nywele ni alama za joto, na flaiwili hiyo ipelekwe kuchongwa kabla ya kufunga pleti mpya. Kazi kubwa ni kushusha hiyo giaboksi, kwa hiyo diski (ndiyo hiyo pleti), presha pleti inayoibana na rilizi beringi inayoiachia vibadilishwe pamoja. Kuokoa pesa ya beringi ni kulipa ufundi mara mbili. Akague pia sili ya nyuma ya injini, maana oili ikivuja juu ya diski hata klachi mpya itateleza au itatetemesha gari. Pedali ikiwa laini na namba moja inaingia kwa kukwaruza, angalia kwanza mafuta ya klachi na silinda zake mbili, ya juu na ya chini. Hapo mara nyingi pleti haina kosa.

Unayetaka kununua iliyotumika, ijaribu kwenye barabara iliyo wazi: kilomita 50 kwa saa, namba nne, kanyaga mafuta yote. Mshale wa resi ukikimbia na kasi ikabaki ilipo, klachi imekwisha. Toa gharama ya klachi nzima na ufundi wake kwenye bei unayotajiwa.