Flashi ya WEMBA TUPU ya Kariakoo, 12,000: majina ya ovyo ila kilichomo kimenikalia kooni

Nilienda Kariakoo kutafuta chaja ya gari nikarudi na flashi, ndo Kariakoo ilivyo. Kijana ana meza yake, spika inaunguruma mpaka kifua kinatetemeka, flashi zimepangwa zimeandikwa kwa makapeni, Zilipendwa, Taarabu, Kaswida, Bolingo Kali, na moja kaisukumia pembeni kabisa imeandikwa WEMBA TUPU, yaani Papa Wemba, yule mwanamuziki wa Kongo. Kaniambia 15, nikamwambia 10, tukaangukia 12,000. Flashi ya GB 8. "Mzee wangu hiyo ina nyimbo 140, ikigoma hata moja irudishe." Mzee wangu! Nina miaka 46 mimi.

Sasa nimeisikiliza yote kwenye foleni ya Mandela asubuhi na jioni wiki tatu, acha niseme nilichokiona kwa anayetaka kununua.

Ubaya kwanza. Nyimbo siyo 140, ni 131, zilizobaki zimejirudia. Sauti hazilingani kabisa, unapandisha ili usikie ule wa zamani unaolia kama redio iliyofunikwa na sufuria, af unaofuata unakupasua masikio mpaka wa bodaboda pembeni anageuka kukuangalia. Kuna mmoja katikati anaingia mtangazaji anasoma salamu za wasikilizaji, yaani waliurekodi redioni na salamu zake zote. Na majina ya mafaili usiseme, "wemba mpya", "wemba mpya 2", "wemba harusi", "track 07". Nyimbo kama mbili siyo za Wemba kabisa ni za King Kester Emeneya, na nyingine ni Koffi Olomide kabisa kabisa. Hapo sikukasirika sana lakini, maana wote hao wamepita kwenye mikono ya Wemba pale kwenye bendi yake ya Viva la Musica, Emeneya akatoka 1982 kwenda kuanzisha Victoria Eleison yake. Kijana kakosea ila kakosea ndani ya ukoo.

Na kilichobaki ni kitamu aisee. Kuna wimbo wa Pauline wa enzi za bendi ya Zaiko Langa Langa, alipokuwa bado kijana wa miaka ishirini na kitu, kuna mambo ya Viva la Musica kuanzia 1977, na albamu ya Emotion ya 1995 iko karibu yote, ile aliyoitoa kwa kampuni ya Mwingereza Peter Gabriel, mpaka ule wimbo wa Mmarekani Otis Redding alioimba kwa namna yake. Mimi Kilingala changu ni cha kucheza tu, bolingo, motema, basi. Ila ile sauti haihitaji mkalimani. Inapanda juu, inakaa huko huko juu, inatetemeka kidogo kama mtu aliyezuia kilio af kikamponyoka. Na hiyo siyo bahati, mama yake alikuwa muombolezaji wa misibani, wale wa kuitwa kwenye matanga waimbe na kulia, na Wemba mwenyewe alikuwa anasema mwalimu wake wa kwanza ni mama. Tangu nijue hilo kila nikimsikia nasikia msiba, hata kwenye nyimbo za kurukaruka.

Sasa nije kwenye kilichonifanya niandike yote haya.

Tarehe 24 Aprili 2016 alfajiri, Abidjan, kwenye tamasha la muziki la FEMUA, mzee kaanguka jukwaani. Miaka 66. Ile video nadhani kila mtu aliiona, wacheza shoo wako mbele wanaendelea kukata viuno, hawajui kwamba nyuma yao mtu kashaanguka. Siku tatu tu kabla alikuwa ameondoka Prince, yule mwanamuziki wa Marekani, kwa hiyo wiki ile ilikuwa misiba mitupu. Fundi wangu wa nguo ni Mkongo wa Bukavu, siku ile nilimkuta kavaa suti, ndani ya kibanda, na joto lile la Dar, kakaa mbele ya cherehani haijawashwa. Akaniambia Wemba ndiye aliyemfanya ashike mkasi. Maana enzi za Mobutu suti na tai zilipigwa marufuku, wanaume wavae abacost, koti la kuvaliwa bila tai, halafu huyu bwana na vijana wake wa Matonge, mtaa wa Kinshasa, wakaifanya nguo nzuri kuwa kama dini, ndo hao wanaoitwa masapeur. Suruali imenyooshwa, nywele zimenyolewa, marashi yananukia, hata kama nyumbani hakuna unga.

Mimi nikafanya ujinga. Nikaingia kwenye grupu la WhatsApp la familia, watu wanaweka picha za marehemu na vimishumaa, nikaandika "na wale aliokuwa anawavusha Ulaya nao wanamlilia?" Mjomba wangu, aliyenifundisha hii miziki tangu nikiwa mdogo na kanda zake za kaseti, akanijibu kwa sauti, siyo kwa maandishi: "Mjomba, maiti haijazikwa. Subiri izikwe." Akakaa karibu mwezi hajanipigia.

Kwa ambao hawajui au wamesahau. Februari 2003 Wemba alikamatwa Ufaransa. Kosa ni kuwaombea watu viza kama wanamuziki na wacheza shoo wa bendi wakati hata kushika gitaa hawajui, wakifika huko wanapotelea mitaani. Kinshasa biashara hiyo ina jina lake, ngulu, yaani nguruwe, ndo anavyoitwa huyo anayesafirishwa. Alikaa rumande kama miezi mitatu na nusu, na mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani, miezi 30, 26 kati ya hiyo ikiwa ya nje, na faini ya euro 10,000. Siyo uzushi wa vijiweni huo, ni hukumu.

Na wapo wanaokwambia aliwasaidia watu, vijana wangapi walitoka kwenye njaa kwa mgongo wake. Sawa, inawezekana wapo wanaomuombea dua mpaka leo. Ila mtu anayeitwa nguruwe ili apande ndege, mimi hiyo siwezi kuimeza nikaiita sadaka.

Sasa salamu nyingi za rambirambi nilizosoma wakati ule zilikuwa zinaruka. Zinakwenda vizuri, Lubefu alikozaliwa 1949, Zaiko, maskani yake pale Matonge aliyoiita kijiji cha Molokai, filamu aliyocheza ya La Vie est Belle, Peter Gabriel, af hop, Abidjan. 2003 haipo. Utadhani mwaka ule kalenda ilichanika. Na wale wa upande wangu mimi, wajuaji, tulikuwa na 2003 tu, mengine yote hatuna.

Basi niko kwenye foleni pale Tazara, flashi inajipanga kwa alfabeti, imemaliza "wemba harusi", inaingia "wemba jela". Nikasema jela gani tena. Kumbe ni Numéro d'écrou, namba ya mfungwa, wimbo alioutoa baada ya kutoka, kuhusu huko huko ndani. Sauti ile ile ya mama yake wa matanga, safari hii anajililia mwenyewe. Sijui niseme nini, nilimhurumia na sikumsamehe, vyote kwa pamoja, nyuma yangu wanapiga honi. Halafu ukaisha ukafuata "wemba mama".

Kijana wa flashi hakupanga chochote, najua, kamwaga tu alichokipata. Ila kwenye meza yake hakuna kilichorukwa. Harusi, jela, mama.

Mjomba nimempelekea nakala Jumapili. Tumekaa barazani, ulipofika wa jela nikasubiri aruke, hakuruka, akaniambia tu punguza kidogo majirani wamelala. Ilikuwa saa kumi jioni.

Ushauri wa kibiashara sasa. Nunua, ila ijaribu pale pale mezani usikubali ya "nenda ukasikilize". Usizidishe elfu 10, mimi niliibiwa buku mbili. Kama una sikio la sauti safi, flashi itakuudhi, tafuta Emotion yenyewe. Nyimbo mbili ziligoma, nikarudi, kijana kanibadilishia bila kelele, hapo nampa nyota zake, nne kati ya tano. Wakati anakopi akaniuliza, "huyu mzee bado anapiga shoo?" Nikamwambia amekufa 2016, jukwaani. Akasema duh. Akauweka wimbo kwenye lile spika lake, "wemba mpya 2", akaendelea kuhesabu chenji ya mtu.