Kipima Oksijeni na Kompyuta ya Nitroksi: Vichunguze Hivi Kabla ya Kununua

Karibuni, wazamiaji wenzangu. Mezani leo nina vifaa viwili: kipima oksijeni cha mkononi, chenye seli ya kemikali ndani, na kompyuta ya kuzamia yenye modi ya nitroksi, yaani gesi yenye oksijeni nyingi kuliko hewa ya kawaida. Watu huvinunua kila kimoja kwa wakati wake, lakini mimi navichambua pamoja, kwa sababu kompyuta haina njia ya kujua kilichomo mtungini. Inapima kina na muda. Asilimia ya oksijeni unaiingiza wewe, na ukikosea inakosea pamoja nawe mpaka mwisho wa mbizi.

Angalia hesabu hii. Uko mita 30, mgandamizo wote ni bar 4. Kwa mtungi wa asilimia 32, oksijeni peke yake ni bar 1.28. Jedwali la NOAA, idara ya bahari na anga ya Marekani, ambalo kompyuta nyingi hulifuata, linakupa kikomo cha dakika 180 kwa bar 1.3. Ukikaa dakika 45 umetumia robo ya kikomo chako. Sasa tuseme gesi ilichanganywa vibaya na mtungi una asilimia 40. Kina ni kilekile na dakika ni zilezile, ila oksijeni sasa ni bar 1.6, na kikomo cha bar 1.6 ni dakika 45 tu. Umefika asilimia 100, huku skrini ikikuonyesha 25. Na kinachoogopwa hapa ni degedege. Linaweza kukukamata bila dalili yoyote ya mapema, regulata ikatoka mdomoni, ukavuta maji.

Kwa hiyo tuanze na kipima. Ndani yake kuna seli yenye risasi na alkali. Oksijeni inapopenya utando wake hutoa umeme mdogo sana, kwa kawaida kati ya milivolti 7 na 13 katika hewa ya kawaida. Risasi ile inaliwa taratibu hata kifaa kikiwa kabatini, kwa hiyo umri wa seli uhesabu kuanzia tarehe ya kutengenezwa, si siku uliyoinunua. Nyingi hudumu miaka 2 hadi 3.

Seli iliyochoka ina tabia moja mbaya: kwenye hewa bado inakubali kusawazishwa kwa 20.9, asilimia ya oksijeni ya hewa, kama kawaida, lakini ukiipa gesi yenye oksijeni nyingi inashindwa kupanda. Mtungi wa asilimia 36 unasomeka 33. Wewe unapiga hesabu ya kina cha juu kabisa, yaani kirefu zaidi unachoruhusiwa, kwa kikomo cha bar 1.4 za oksijeni, unapata mita 32, kumbe haki yako haikufika hata mita 29. Ukifika hizo 32 unavuta bar 1.5. Dawa yake ni kupima sehemu mbili: hewa, kisha oksijeni safi. Ndiyo maana mimi napendelea kipima kinachoonyesha pia milivolti. Seli ikitoa 10 kwenye hewa, kwenye oksijeni safi inapaswa kukaribia 48. Ikikwama 40, itoe na uweke nyingine. Kipima ambacho seli yake haibadilishwi na mtumiaji, usikinunue.

Namna ya kupima nayo inaweza kuharibu kila kitu. Fungua valvu ya mtungi kidogo kwanza, gesi itoe vumbi na unyevu, kisha funga. Weka kipunguza mtiririko, fungua taratibu hadi usikie mvumo mwembamba, lita 1 hadi 2 kwa dakika. Subiri namba itulie, sekunde 30 hadi 60. Ukikandamiza kifaa kwenye valvu kwa nguvu, gesi inajazana mbele ya seli na namba inapanda kwa uongo, maana seli inahisi mgandamizo, haijui asilimia. Tone la maji kwenye utando linafanya kinyume: namba inashuka.

Unyevu wa hewa je? Huu wengi wanaudharau. Kwenye nyuzi 30 za joto na unyevu wa asilimia 80, mvuke unachukua nafasi kiasi kwamba oksijeni halisi ya hewa ile ni kama asilimia 20.2. Ukisawazisha hapo kwa 20.9, mtungi mkavu wa asilimia 32 utasomeka 33. Kwa upande wa oksijeni kosa hilo linakuongezea tahadhari, lakini kwa upande wa nitrojeni linakuibia: kompyuta inadhani unavuta nitrojeni kidogo kuliko ilivyo. Sawazisha kwa mtungi wa hewa ya kawaida, kwa mtiririko uleule utakaotumia kupimia nitroksi. Kivulini, tafadhali, kifaa kikiwa kimezoea joto la mahali.

Ukishapima, andika palepale kwenye tepu ya mtungi: asilimia, kina cha juu kabisa, tarehe na jina lako. Usisome kwanza mitungi minne ndipo uandike.

Haya, kompyuta. Kitu cha kwanza ninachokichunguza ni inafanya nini na asilimia uliyoweka baada ya mbizi. Zipo zinazoihifadhi mpaka uibadilishe, na zipo zinazorudi zenyewe kwenye hewa baada ya muda fulani. Zote mbili zina hatari yake: ya kwanza inakubebesha namba ya jana, ya pili inahesabu oksijeni ya asilimia 21 wakati mgongoni una 32. Kama kompyuta inakuuliza uthibitishe gesi kabla ya kuingia majini, kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuichagua.

Pili, tahadhari ya mgandamizo wa oksijeni. Iwe inarekebishika, na iwe na mtetemo au mlio unaousikia kweli ukiwa na kofia ya mpira. Iweke bar 1.4. Bar 1.6 ni ya akiba au ya kusimama bila kujichosha wakati wa kupanda. Tazama jinsi jedwali linavyoporomoka: bar 1.4 dakika 150, bar 1.5 dakika 120, bar 1.6 dakika 45. Na ukipigana na mkondo, kaboni dioksidi inapanda mwilini na uvumilivu wako wa oksijeni unashuka, jambo ambalo hakuna kompyuta inayolipima.

Tatu, saa ya oksijeni, ile asilimia ya CNS (mfumo mkuu wa neva), inayoonyesha umetumia kiasi gani cha kikomo chako. Kompyuta nyingi huipunguza nusu kila dakika 90 ukiwa nje ya maji: 40 inakuwa 20, kisha 10. Lakini NOAA ina pia kikomo cha saa 24, dakika 180 kwa bar 1.4, na hicho hakipungui kwa kupumzika. Ukipiga mbizi nne kwa siku, kihesabu pembeni kwa mkono kama kompyuta yako haikionyeshi.

Mwisho, betri. Kabla ya kununua, soma mwongozo uone kama ukibadilisha betri kati ya mbizi hesabu ya oksijeni na nitrojeni inabaki. Ikiwa inafutika, badilisha betri kabla ya safari, kwa sababu ukiibadilisha katikati kompyuta itakuhesabu kama mtu ambaye hajazama siku hiyo.