Kumwandikia mkurugenzi au kufuata ngazi?

Intaneti ikikatika Shela, kisiwani Lamu, mwenye nyumba ya wageni hushauriwa mambo mawili: mwandikie mkurugenzi mkuu wa kampuni ya intaneti kule Nairobi, au anza na huduma kwa wateja kisha upande hadi Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, inayosimamia kampuni hizo.

Barua kwa mkurugenzi inaweza kuleta kasi. Aghalabu haisomi yeye. Huipokea msaidizi, naye akiisukuma, fundi aliyekuwa “yuko njiani” huonekana akivuka kwa boti kutoka Mokowe, upande wa bara. Lakini umesikizwa wewe tu. Jirani yako bado hana mtandao, na hakuna aliyelazimika kumjibu. Hilo naliona dhuluma, hasa kwa mzee asiyejua kuandika barua pepe.

Njia ya pili inachosha, maana Mamlaka hutaka uwe umelalamika kwanza kwa kampuni yenyewe. Ila inaacha kumbukumbu, na Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mteja haki ya huduma ya ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro za huduma. Mimi ningedai nambari ya malalamiko kwanza, kisha nimwandikie mkurugenzi nikiitaja nambari hiyo katika mstari wa kwanza.