Gego lenye kijiwe: siku mbili katika kliniki ya meno mjini Moshi

Gego langu la chini lilikuwa likiniamsha usiku kwa wiki tatu, na nyumbani Marangu hukumu ilikwisha kutolewa kwamba ling'olewe. Nilikwenda katika kliniki moja ya binafsi mjini Moshi, na la kwanza ninalolisifu ni kwamba daktari hakushika koleo kabla ya kusoma picha ya eksirei.

Katika picha hiyo, chumba cha kiini cha jino, ambacho kwa kawaida huonekana kama kivuli cheusi, kilikuwa na doa jeupe la mviringo. Alinieleza kuwa kiini ni nyama laini yenye mishipa ya damu na ya fahamu, na kwamba ndani yake huweza kujengeka vijiwe vya kalsiamu, hasa kwenye magego, umri unaposogea au jino linaposumbuliwa muda mrefu na tundu. Nikadhani mchawi amepatikana. Kumbe kijiwe kwa kawaida hakiumi, na wengi wanacho bila kujua. Kilichoniuma ni uozo uliofika kwenye kiini, na kijiwe kilikuwa kimeziba tu milango ya mifereji ya mizizi. Angetaka kuniuzia hofu, angeweza, nami ningeinunua.

Badala ya kuling'oa jino, alichagua kulisafisha ndani hadi kwenye mizizi. Baada ya ganzi alilitenga kwa kipande cha mpira, akakibomoa kijiwe kidogo kidogo kwa ncha nyembamba inayotetema kwa kasi, huku akisafisha kwa dawa mbili: moja yenye harufu kama ya jiki, inayoyeyusha mabaki ya nyama, na nyingine inayolainisha madini. Mfereji mmoja wa mzizi wa mbele ulikataa kuonekana. Hakulazimisha, kwa kuwa sindano ya kusafishia huweza kukatikia ndani na sakafu ya chumba huweza kutobolewa. Aliziba kwa muda, akanirudisha wiki iliyofuata, na siku hiyo akaupata.

Lawama yangu ni ya mapokezi. Gharama ya ziara ya pili na ya kofia ya jino, yaani kifuniko kigumu cha kulikinga jino lililotibiwa, nilitajiwa nikiwa tayari nimefunguliwa jino, wakati ambapo mgonjwa hana tena nafasi ya kwenda kuuliza kwingine. Maumivu yamekwisha, kofia nimeiahirisha hadi mwezi ujao, na kwa sasa natafunia upande wa kulia.