Volti na ampea: uangalie nini kwenye chaja na waya

Volti ni msukumo wa umeme, ampea ni wingi wa umeme unaopita. Ukinunua chaja Birere, hapa Goma, soma maandishi madogo mgongoni. Volti lazima zilingane: redio ya volti 9 ukiipa 12 inaweza kuungua. Ampea za chaja zikizidi zile za kifaa hakuna shida, kifaa huvuta kinachohitaji tu. Zikipungua ndipo chaja hupata moto.

Kwenye waya, mimi naogopa ampea zaidi, maana ndizo hupasha waya moto. Wati ni volti mara ampea: wati 60 kwa umeme wa volti 220 ni kama ampea 0.27, lakini kwa betri ya sola ya volti 12 ni ampea 5! Waya wa betri uwe mnene na mfupi, tena wenye fyuzi. Nyumba zetu nyingi ni za mbao, jamani, msibahatishe.