Kilomita 60 za Mdomoni: Baiskeli ya Stima ya Kukodi, Kisumu hadi Maseno

Habari zenu, karibuni tena. Leo niko hapa Kisumu, nje ya nyumba, na mkisikia kelele huko nyuma ni jogoo wa jirani, tuvumiliane naye. Hii mnayoiona ni baiskeli ya stima. Si yangu, ni ya kukodi, na hii ni mara ya pili naikodi. Mara ya kwanza siku iliniharibikia, nikataka kujua kama ubaya ulikuwa wa baiskeli au wangu.

Mwenye haraka nimpe jibu aende zake: baiskeli ni nzuri. Mota ina nguvu, breki zinashika, kiti hakiumizi. Kilichoniponza ni namba moja niliyopewa dukani nikaimeza bila kutafuna. Kilomita 60.

Nilimuuliza jamaa wa duka, "Hii inaenda mbali kiasi gani?" Akasema, "Hiyo? Sitini, bila wasiwasi." Nikapiga hesabu hapo hapo nimesimama. Kisumu hadi Maseno ni kama kilomita 25. Kwenda na kurudi 50. Kumi zinabaki za kuzungukia mjini jioni, nile samaki. Nikalipa shilingi 1,500 za siku nzima, nikaacha kitambulisho, nikapewa baiskeli na chaja ndani ya mfuko. Sikuuliza swali la pili. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupiga picha pale Ikweta inapokata barabara, kana kwamba Ikweta ingehama.

Nikatoka saa nne asubuhi. Barabara ya Busia, unapita uwanja wa ndege, unapita Otonglo, mpaka Kisian. Kipande hicho ni tambarare, na nilikifurahia kupita kiasi. Hapa kwenye hendeli kuna kibonyezo cha kidole gumba. Ukikibonyeza, baiskeli inakwenda yenyewe, miguu imetulia kama abiria. Nilibonyeza kutoka mjini hadi Kisian. Nawaambia ukweli, sikukanyaga pedali mara ishirini.

Sasa ngoja nisogeze kamera. Oneni hapa, ubavuni mwa betri, karibu na kitundu cha chaja, penye vumbi. Nipanguse. Mnaona? 36V, 10Ah, yaani volti 36, ampea-saa 10. Hiki kibandiko ndicho unachokodi, mengine ni maneno. Zidisha 36 kwa 10, unapata wati-saa 360. Huo ndio mtungi wako wa gesi. Ukikanyaga kweli, msaada wa mota ukiwa ngazi ya chini, kilomita moja ya tambarare inakula wati-saa sita hivi, na 360 ukigawa kwa sita unapata zile sitini za jamaa. Kwa hiyo hakunidanganya! Ila sitini zake ni za mtu mwepesi, tairi zimejaa, upepo umetulia, miguu inafanya kazi. Ukienda kwa kidole gumba kama mimi, kilomita moja inakula kumi na tano na zaidi. Gawa tena. Ishirini na nne.

Na hiyo ni bado tambarare. Pale Kisian barabara inagawanyika, ya Bondo inaenda kushoto, ya Busia inaendelea kuelekea Maseno, na hii ya Busia inaanza kupanda. Mimi nimeipita barabara hiyo kwa matatu tangu utotoni, na ningeapa kwamba ni ya kawaida tu. Ukiwa ndani ya matatu mlima ni wa dereva. Kisumu iko mita 1,130 na ushei juu ya usawa wa bahari. Maseno iko kama 1,500. Huo ni mwinuko wa mita 370, na unapandwa karibu wote baada ya Kisian.

Mimi nina kilo 82. Baiskeli hii ina kilo 25, mnaweza kuona ninavyoinyanyua kwa shida. Ongeza mfuko, maji na chaja, tufanye jumla 112. Kuzibeba kilo 112 mita 370 juu kunataka wati-saa 113, na hapo mota hujaihesabia joto linalopotea, wala tairi, wala upepo. Kwa maneno mengine, theluthi ya betri ilikuwa imeshaliwa na mlima kabla sijaanza kuhesabu kilomita. Hesabu hii niliipiga baadaye, nikiwa nimekaa kwa kinyozi. Tutafika huko.

Kitu kingine kilichonichanganya ni hii mita ya betri. Ina vistari vitano. Nilipofika Kisian vilikuwa vitatu, nikajiambia safi kabisa. Nikaanza kupanda, kikabaki kimoja. Nikashtuka, nikasimama kando. Vikarudi viwili! Nikafurahi kama mtu aliyeokota noti. Kumbe mita za namna hii zinasoma volti, hazipimi chaji iliyobaki. Betri ya volti 36 ikijaa inafika 42. Mota ikivuta kwa nguvu mlimani, volti zinashuka kwa muda, ukisimama zinapanda kidogo. Ile unayoiona ukiwa umesimama inakubembeleza. Na vistari havina urefu sawa: cha kwanza kinaweza kukupeleka mbali, cha mwisho kinakatika kama uzi.

Kilikatika nikiwa nimebakiza kilomita tano hivi kufika Maseno. Hakuna mlio, hakuna onyo. Skrini ikazima, baiskeli ikawa nzito ghafla kama imepandwa na mtu wa pili.

Mtu atasema, si ina pedali? Ina pedali, ndiyo. Jaribu kupandisha kilo 25 za chuma mlimani saa sita mchana, kwa miguu ya mtu wa kuketi ofisini, na malori ya mafuta ya kwenda Uganda yanakupita hapo begani. Nilikanyaga kama mita mia tatu, nikashuka, nikaanza kusukuma.

Ndipo akanipita mzee mmoja. Yuko juu ya blakimamba, ile nyeusi ya chuma, nyuma amefunga gunia kwa mpira wa tyubu, anakanyaga polepole, wima, hata kutweta hatweti. Akapunguza mwendo.

"Kijana, pikipiki imeisha mafuta?"

"Jaduong', hii si pikipiki, ni baiskeli."

Akaitazama kuanzia tairi la mbele hadi la nyuma. "Ni baiskeli?"

"Ni baiskeli."

"Sasa mbona huipandi?"

Akaenda zake. Sikuwa na jibu, na sina mpaka leo. Hii barabara inakwenda Busia, kule kule boda boda ilikozaliwa miaka ya sitini, watu wakibebwa kwa baiskeli za namna ya ile yake kuvushwa mpaka. Mimi na mota yangu tulikuwa tunasukumana.

Nilikuwa na matumaini mawili, na yote mawili nilikuwa nimeyaokota kwa watu. La kwanza ni vile vituo vya kubadilisha betri za bodaboda za umeme. Nilidhani hata nikikwama nitatafuta kimoja nibadilishiwe. Wapi! Betri za zile pikipiki nyingi ni volti 72, umbo lingine, plagi nyingine, na unabadilishiwa kama umesajiliwa na kampuni yenye pikipiki. Ni kama kwenda na mtungi wa kilo sita ukadai ujaziwe petroli. La pili ni ile hadithi kwamba ukiteremka mlima betri inajichaji yenyewe. Kuna mota zinazoweza hivyo, lakini hizi ndogo za gia zilizofichwa katikati ya gurudumu, kama hii, zikiteremka zinazunguka bure. Hakuna hata tone linalorudi.

Nikafika Maseno saa saba na nusu nimelowa jasho. Picha ya Ikweta niliipiga, lakini sitawaonyesha, uso haukuwa wa kuonyeshwa.

Sasa chaja ninayo, kinachotakiwa ni soketi. Nikaingia kwa kinyozi mmoja, kijana mpole sana. Akasema, "Sawa, toa betri uilete hapa ndani." Nikainama. Oneni hapa: betri imefungwa kwenye fremu kwa kufuli, na kufuli ina kitundu cha ufunguo. Ufunguo sikupewa. Basi ikabidi baiskeli nzima iingie ndani, na kibanda chenyewe kina viti viwili. Wateja wakawa wanainua miguu kupita juu ya tairi langu. Mmoja alinyolewa nusu saa nzima hendeli imemgusa goti, hakulalamika. Mungu ambariki.

Kinyozi aliogopa jambo moja tu: tokeni. "Hii si itanimalizia stima?" Nikamwambia betri hii ikijaa kutoka sifuri haifiki hata nusu ya yuniti moja. Hakuamini, akatoka kwenda kuangalia mita yake mara mbili. Nilimlipa shilingi 100, akaona mimi ndiye niliyeibiwa.

Tatizo halikuwa pesa, lilikuwa muda. Chaja hii inatoa ampea mbili. Kwa saa moja inaingiza wati-saa 80 hivi, na kuijaza yote ni saa tano. Na baiskeli ilitakiwa dukani saa kumi na moja jioni. Nikakaa pale tangu saa nane, nikitazama taa nyekundu ya chaja kama mtu anayechungulia sufuria ya maharagwe. Mvua ikaja, ile ya mchana ya huku kwetu yenye radi, ikapiga bati hadi hatusikiani. Saa kumi nikaondoka na betri karibu nusu, moyo uko mkononi. Skrini nilikuwa nimeifunga kwa karatasi ya mkate niliyoomba dukani, maana mifuko ya plastiki tuliiaga 2017. Matone ya mvua baiskeli hizi huvumilia, ila msiziingize kwenye madimbwi yanayofika katikati ya gurudumu, mota iko pale.

Halafu sasa sikilizeni. Kutoka Maseno kurudi Kisian ni mteremko. Kuna vijilima viwili vitatu, lakini zaidi ya nusu ya safari ya kurudi sikuhitaji mota kabisa! Mlima ulionila asubuhi ulikuwa unanirudishia jioni, na mimi nimekaa saa mbili kwa kinyozi nikichaji kwa hofu. Saa moja ingetosha na kubaki, mradi nikanyage kidogo kule tambarare. Ningekuwa nimefika kabla ya saa kumi na moja. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kusukuma.

Ila mteremko huo una mambo yake. Baiskeli nzito, barabara imelowa, breki zinapiga kelele. Nilikuwa nazishika mfululizo, mpaka nikasikia harufu ya kuungua. Msifanye hivyo. Shikeni, achieni, shikeni, mbele na nyuma pamoja. Na kabla ya kutoka dukani, bana breki uisukume baiskeli. Ikisogea, omba nyingine.

Pancha sikupata, nashukuru, maana gurudumu la nyuma lina waya wa mota na nati kubwa. Kulifungua kunataka spana namba 18, na fundi asiyeijua baiskeli ya stima anaweza kukata waya akidhani ni wa breki. Leo nimebeba spana yangu.

Nilifika dukani saa kumi na mbili kasoro. Nikalipishwa faini ya kuchelewa, shilingi 300. Sikubisha. Nikamuuliza tu, "Ndugu, ufunguo wa betri mbona hukunipa?" Akafungua droo. Zilikuwamo nyingi, kila mmoja umefungwa kikaratasi chenye namba. Akanipa wangu niushike. Akasema, "Hukuuliza."

Kuna wakati nilitaka kumkasirikia, na bado naona duka linalokodisha kitu cha betri lilipaswa kutoa ufunguo bila kuombwa, na kumuuliza mteja anaenda wapi. "Unaenda Maseno? Kuna mlima." Maneno manne, siku yangu ingekuwa nyingine. Lakini na mimi ninayefanya uchambuzi wa bidhaa kila wiki, niliuliza kilomita kama mtu anayenunua kamba.

Leo imekuwaje? Nimeenda Dunga ufukweni na kurudi, nikapitia Kiboko Point, nikazunguka mjini mpaka nikachoka. Kama kilomita 22, msaada ngazi ya pili, nakanyaga, kidole gumba nakitumia kwenye makutano tu. Oneni mita: vistari vitatu, na nimesimama, kwa hiyo hesabuni viwili na nusu. Kwa kazi hiyo naipa nane kwa kumi kwa mtu wa mjini, na Maseno ningemwambia mtu aende nayo akikubali kukanyaga kuanzia Kisian na kukaa na chaja wakati wa chakula.

Ufunguo huu hapa, mfukoni. Ni saa kumi na nusu, wingu limeshaanza kujikusanya, acha niirudishe kabla ya ile faini yao.